Achia Kipanya

Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu, hasa akina mama wenye watoto wanaofanya kazi za kompyuta. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na riziki yangu ni cherehani, kwa hiyo asije mtu akasema najitia kujua mambo ya maabara. Nayasema niliyoyaona, na moja nililolifanya mimi mwenyewe. Sikulifanya kwa mdomo wala kwa mkono. Nililifanya kwa kichwa, na sina maana ya akili.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, alipata kazi ya mkataba kwenye chumba kimoja cha chuo, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, ule unaokwaruza sakafu ukifunguliwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu ya kuchora molekuli. Molekuli, nilivyoelezwa, ni vitu vidogo sana, hakuna mtu aliyewahi kuviona kwa macho, ndiyo maana inabidi vichorwe. Yao ilikuwa protini ya mdudu fulani wa ugonjwa. Kwenye skrini imejikunjakunja kama shuka lililotolewa kwenye beseni na kuachwa hivyo hivyo, na katikati ya mikunjo kuna kijishimo wanachokiita mfuko. Dawa ikiingia kwenye ule mfuko ikakaa, mdudu kwisha habari yake. Niliposikia mfuko nikajiona na mimi nimo.

Shida ilikuwa mwendo. Picha moja ilichukua dakika kumi na moja kutokea. Ilishuka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, na ukitaka kuigeuza uone ubavuni, dakika kumi na moja nyingine. Najua kwa sababu nilikuwa nampelekea binti chakula cha mchana. Yeye akikaa mbele ya skrini husahau kwamba ana tumbo. Mlinzi wa getini alishanizoea.

"Mama Kompyuta, pita. Leo umembebea nini mhandisi wetu?"

"Nimembebea kisichokuhusu."

"Basi mwambie akibakiza, mimi nipo."

Ndani ya chumba kile dakika kumi na moja zilikuwa na raha yake. Kulikuwa na mkemia mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza miaka minne kustaafu, na kila mtu pale alimwita Shangazi. Picha ikiwa inashuka, Shangazi hakunyanyuka. Alikaa na daftari lake mapajani, miwani kwenye ncha ya pua, akiitazama inavyokuja kama mtu anayesubiri mgeni ashuke ngazi. Kila kipande kikitokea aliandika. Miaka miwili alikuwa anatengeneza dawa za kujaza ule mfuko, anazipa namba. Ya kwanza haikuingia, ya kumi iliingia ikatoka, ya thelathini ilikaa upande.

Mkuu wa chumba alikuwa Profesa. Wanafunzi walimwita Pangaboi, si kwa ubaya, ila kwa sababu hatulii. Hata akiwa ameketi kuna kiungo chake kimoja kinazunguka. Ikiwa goti limepumzika, kalamu imeanza. Dakika kumi na moja kwake zilikuwa kifungo.

Siku moja niko pale nafungua vyombo, akaingia.

"Wiki tatu kuanzia leo kamati inakuja," alimwambia binti. "Wao ndio wanaamua nani anabaki humu. Nataka molekuli izunguke mkononi mwangu hivi, kama mpira. Ikizunguka bila kukwama, una mkataba wa miaka mitatu. Ikikwama, tutaagana vizuri tu."

"Profesa, picha ina vitu laki mbili. Wiki tatu…"

"Nimeelewa," akasema Profesa, naye alikuwa mlangoni tayari.

Huyu ndiye mtoto pekee kati ya wanne aliyepata kazi yenye kiti cha kuzunguka. Nilirudi kwenye cherehani nikashona gauni la mtu mikono yote ya kushoto.

Jumamosi yake binti alikuwa dukani kwangu, kompyuta yake mapajani, sura imemshuka. Mteja alikuwa mbele ya kioo anajaribu suti ya harusi ya dada yake. Ile nguo nilikuwa nimeipiga bandi tu, nyuzi ndefu za kushikilia, bila vifungo, bila pindo. Mteja anageuka kulia, anageuka kushoto, anajitazama nyuma, anafurahi. Alipotulia wima ndipo nikaweka alama za vifungo.

Mteja alipoondoka, binti akauliza, "Mama, hajaona kwamba haina vifungo?"

"Anazunguka yule. Nani anaangalia vifungo akiwa anazunguka? Akizunguka anataka umbo. Akitulia ndiyo anaanza kuuliza vifungo."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Akafunga kompyuta, akanibusu shavuni, akatoka bila kunywa maji. Nikajua nimesema kitu. Nikajisifu, tena kwa majirani.

Alichokifanya ni hiki. Aliifundisha programu kwamba molekuli ikiwa inazunguka, ichore yale makubwa tu: mikunjo, mgongo, umbo. Vitu vidogo vidogo viachwe. Mkono ukiachia kipanya, picha ikatulia nusu sekunde, basi ichore vyote mpaka cha mwisho. Tena vilivyofichwa nyuma ya vingine visichorwe kabisa, maana hakuna anayeviona. Kutoka dakika kumi na moja ikawa kufumba na kufumbua. Nilionyeshwa. Unasukuma kipanya, lile shuka linazunguka kama limetiwa upepo. Unaachia, na vile vidoti vinajaa kama mbegu kwenye papai.

Shangazi aliijaribu, akaizungusha, akaachia, akatazama, akaandika.

"Nzuri," akasema. "Ila sasa nitakunywa chai saa ngapi?"

Chumba kizima walicheka. Wote pale waliizungusha kisha wakaachia, kwa kuwa walikuwa watu wa kungoja. Miaka yote mikono yao ilizoea kukaa kando wakati picha inakuja. Haikumpitia mtu yeyote akilini, hata binti yangu, kwamba kuna binadamu anaweza kushika kipanya asikiachie.

Siku mbili kabla ya wageni Profesa alipita kuiona. Binti alimwambia, "Profesa, ukitaka kuona vyote uachie ki…"

"Nimeelewa! Safi. Safi sana." Akatoka. Akarudi mara moja kuagiza ile programu ya zamani ifutwe kwenye mashine zote, asije mtu akaifungua mbele ya wageni akatuaibisha.

Mimi nilikuwepo siku ya wageni kwa sababu ya mapazia. Chumba cha mikutano kina madirisha makubwa, jua linaingia mpaka ukutani, picha haionekani. Profesa akauliza, "Mama yake si fundi?" Basi nikashona mapazia meusi mazito, nikaambiwa nije niyatundike na niyavute wakati ukifika, halafu nisimame pale pembeni nisionekane. Asubuhi ile njiani nilimshika binti mkono.

"Mwanangu, leo usifungue mdomo. Wakubwa wakiongea, wewe tabasamu. Usimsahihishe mtu."

"Mama, nani kakwambia nitamsahihisha mtu?"

"Nakujua. Ulimsahihisha shehe kwenye mazishi ya babu yako."

"Alitaja jina la marehemu mwingine!"

"Hata kama."

Wageni walikuwa watano. Mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, aliketi mbele kabisa. Shangazi alikaa nyuma na daftari lake. Wiki ile alikuwa amempa Profesa faili jipya: dawa namba arobaini na moja, ndani ya mfuko, imekaa na haitoki. Miaka miwili ile. Hilo ndilo lililokuwa la kuonyeshwa.

Nikavuta mapazia. Profesa akashika kipanya, na molekuli ikaanza kuzunguka. Wageni wakasema "Aaah!" Kusikia ile sauti Profesa akapanda mori. Akaizungusha kulia, akaizungusha kushoto, akaipindua kichwa chini, akaivuta karibu, akaisukuma mbali. Anaongea huku anazungusha. Mkono hautulii hata punje.

"Na sasa," akasema, "tuingie kwenye mfuko wenyewe, mwone dawa yetu."

Akaingia. Mfuko mtupu.

Nilimwona anakodoa macho. Mtu mwingine angesimama. Pangaboi alizidi kuzungusha, anaitafuta dawa huku na huku kama anayetafuta funguo kwa kuutikisa mkoba, na kadiri alivyotafuta ndivyo ilivyokataa kutokea, maana dawa nayo ni katika vile vidogo vidogo, na ili itokee ilimtaka kitu kimoja tu ambacho Mungu hakumpa: kutulia.

Mwenyekiti akashusha miwani. "Profesa, dawa iko wapi?"

Kwa haraka ile ile aliyozaliwa nayo Profesa akajibu, "Ndilo hilo nilitaka mlione! Namba arobaini na moja haikukaa. Mfuko, kama mnavyoshuhudia, uko wazi. Ndiyo maana kazi hii inahitaji muda zaidi."

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Shangazi alikuwa amesimama.

"Profesa, samahani. Dawa yangu imo."

"Shangazi, macho ya wote yanaona."

Shangazi akaitazama skrini. Ilikuwa tupu kweli, inazunguka. Akamgeukia binti yangu, kwa kuwa ndiye fundi wa picha. Na binti yangu, mkono umeshaanza kunyanyuka, midomo imeshafunguka, akanigeukia mimi.

Neno lenyewe lilikuwa fupi: achia kipanya. Nusu sekunde na mambo yangekwisha kwa kicheko. Lakini mimi niliona nini? Niliona miaka mitatu ya mkataba inasimama mbele ya watu watano kumwumbua mkubwa wake. Nikatikisa kichwa. Mara moja tu, kidogo, hivi.

Mkono wa binti ukashuka. Shangazi akaketi.

Kamati haikujali sana mambo ya mfuko. Walikuwa wamelewa ile kasi. Mwenyekiti aliomba azungushe yeye mwenyewe, akazungusha kama mtoto aliyepewa usukani, na naye hakuachia. "Kazi ya kisasa hii," akasema. Jioni hiyo hiyo Profesa alimwambia binti barua ya mkataba ingetoka ndani ya juma.

Nyumbani nilitaka tufurahi. Binti alikaa pembeni ya kitanda na viatu vyake miguuni.

"Mama, nimwambie Shangazi kesho."

"Subiri barua iwe mkononi."

"Anadhani amekosea yeye."

"Siku chache, mwanangu. Mtu mzima yule, hatakufa kwa siku chache."

Hilo la pili. Wazazi, lihesabuni pia.

Kumbe Shangazi siku ya pili yake alifungua faili lake mezani kwake. Yeye, kwa kuwa ana mkono wa kutulia, akaiona dawa yake imo ndani, imekaa vizuri kuliko mkwe ukweni. Akawaza: hii ipo, ile ya jana haikuwepo, basi mimi nimempa Profesa faili la namba arobaini badala ya arobaini na moja. Nimemwaibisha mbele ya kamati. Hakumwambia mtu. Akaenda akapitia madaftari yake yote, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta makosa mengine aliyoyafanya bila kujua. Mtu akitafuta hakosi. Akapata mawili matatu ya miaka iliyopita, ya tarehe tu. Siku ya tano akaandika barua ya kuomba kustaafu mapema, kwamba macho yake na mikono yake si ya kuaminika tena.

Binti aliiona ile barua kwa bahati. Shangazi alimwomba amchapie, kwa sababu yeye huandika kwa kalamu. Ile ya mkataba alikuwa ameipata asubuhi hiyo hiyo, imo mkobani. Alinisimulia alivyokaa na karatasi mbili, mkono huu moja na mkono huu nyingine. Hakunipigia simu kuniuliza. Namshukuru Mungu hakunipigia.

Alimvuta Shangazi mbele ya mashine.

"Shika kipanya, Shangazi. Zungusha. Usiache."

"Nizungushe mpaka lini?"

"Zungusha tu. Dawa unaiona?"

"Siioni."

"Achia."

Shangazi akaachia. Nusu sekunde. Ikajitokeza.

Akazungusha tena, ikapotea. Akaachia, ikarudi. Binti anasema alifanya hivyo mara nane au tisa, kisha akaichukua barua yake ya kustaafu akaikunja ndogo ndogo mpaka ikakataa kukunjika.

"Siku ile ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Haya. Twende kwa Profesa."

Nitasema la haki kuhusu Profesa: alitoka jasho. Alijaribu mwenyewe, na hata pale, akiwa ameelezwa, kuachia kulimpa tabu. Binti alibidi auweke mkono wake juu ya wake aushikilie. Alipoiona dawa alifurahi kweli kweli, karibu alie. Halafu akakumbuka aliyoyasema mbele ya kamati.

Akaandika barua. Hakuandika kwamba hakuachia kipanya. Aliandika kwamba namba arobaini na moja imekaa, hongera kwa wote, na kwamba siku ya maonyesho kulitokea hitilafu ya programu. Programu ina mwenyewe. Kamati ikajibu kwa upole sana. Inaipongeza dawa. Mkataba wa miaka mitatu wa mtengeneza programu unageuzwa kuwa wa miezi mitatu ya kutazamwa. Na kasi ya picha, tafadhali, isipunguzwe hata kidogo, maana mwenyekiti ameisifu katika ripoti.

Ndivyo tulivyofika. Lile neno binti angelisema pale pale, lingekuwa maelezo ya matumizi. Kwa kukaa kimya siku tano likawa kosa lake. Nilimlinda mpaka nikamfikisha pale pale nilipopaogopa.

Wiki iliyopita Shangazi alikuja dukani kwangu na koti lake jeupe la maabara, limechanika kwapani.

"Hujambo, Fundi."

"Sijambo, Shangazi. Karibu kiti."

Hakukaa. "Siku ile, kule kwenye mapazia. Ni wewe uliyetikisa kichwa."

Nikashika koti, nikajifanya natafuta ulipoanzia mshono.

"Nilikuona," akasema. "Nikajiambia, labda shingo inamuuma yule mama."

"Nilimwogopea mtoto, Shangazi."

"Ungemwogopea kwa magoti. Magoti yakitetemeka hakuna anayeona. Kwa kichwa umenifanya siku tano nijione nimechakaa ubongo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Koti lini?"

"Alhamisi."

"Jumatano," akasema, na alipofika mlangoni akageuka. "Binti yako ameipata njia. Dawa ichorwe daima, hata picha ikizunguka. Itakwama kidogo, kama gari lenye mafuta machafu, lakini itaonekana. Sasa kazi ni kumwambia Pangaboi kwamba kasi itapungua, na barua ya kamati imesema isipungue. Binti yako amebakiza wiki tano za mkataba. Usimwambie kitu."

"Nimshauri tu aangalie wakati…"

"Fundi."

"Sawa."

Asubuhi ya leo binti alipita dukani kabla ya kazi. Nilikuwa nimepiga magoti chini napima pindo la sketi ya mteja. Akasimama na mkoba wake begani.

"Mama, leo namwambia. Nimwonyeshe ile inayokwama, nimwambie nyingine siisaini kwa jina langu. Akikataa, basi ndiyo hivyo. Unaonaje?"

Nilikuwa na maneno, msiniulize mangapi. Nilikuwa na "subiri kidogo", na "mbona usingeanza na Shangazi", na "wiki nne si nyingi". Nikachota pini kwenye kikopo nikazibana midomoni, saba, nane, mpaka pakajaa. Mteja akanitazama kwa woga. Kichwa nikakiegemeza kwenye meza ya cherehani kisije kikafanya lolote.

"Mama?"

"Mmh," nikasema, ndiyo pekee iliyoweza kupita.

Akaziona pini, akacheka, akaenda.

Saa sita simu ikalia ujumbe. Ameandika: Amekubali shingo upande. Picha inakwama, dawa inaonekana. Kuhusu mkataba hajasema kitu. Nikaandika jibu la mistari minne, la nini aseme, na nani amwone kwanza, na avae nini siku ya kuuliza mkataba. Nikalisoma lote. Nikalifuta, nikatuma neno moja: Sawa.